Kufifia kwa Ishara katika Mawasiliano: Safari ya Ujumbe kutoka Mkunya hadi Unguja

Maneno "mtandao haupo" yamekuwa jawabu la kawaida katika madirisha ya ofisi nyingi zinazohudumia umma. Mwananchi aliyetoka Makunduchi au Nungwi kwa daladala la alfajiri, akafika mjini na nyaraka zake mkononi, huambiwa maneno hayo mawili na hana la kufanya ila kurudi alikotoka na kuja siku nyingine. Mara nyingi husemwa kwa nia njema. Hata hivyo hayaelezi kitu, na ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa kwamba "afya haipo". Nyuma ya maneno hayo pana maradhi mbalimbali, kila moja lina mahali pake na dawa yake, na aghalabu lile linalomzuia mwananchi huwa ndani ya jengo lile lile analosimama mbele yake.

Ili mambo hayo yaeleweke, chukuliwe mfano wa familia moja ambayo baadhi ya watu wake wapo Unguja na wengine wapo Mkunya, katika Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara. Mfano huu haukuchaguliwa ovyo. Watu wenye asili ya Uwanda wa Makonde wamekuwapo Visiwani kwa vizazi vingi, na mashauri yao ya mirathi, vyeti na uthibitisho wa ukoo hulazimika kuvuka bahari. Isitoshe, njia ya kutoka Mkunya hadi Unguja ina karibu kila kikwazo ambacho ishara yaweza kukutana nacho: miti, genge la mlima, mvua, nchi kavu ndefu, mkondo wa bahari, na mwisho kuta nene za matumbawe.

Kijana aliyeko Mkunya ametakiwa apige picha ya cheti cha kifo cha babu yake na kumpelekea shangazi aliyeko Unguja, ambaye faili lake la mirathi limekwama kwa ajili ya waraka huo mmoja. Kijana amebonyeza kitufe cha kutuma. Yafuatayo ni maelezo ya yale yanayotokea baada ya hapo.

Kutoka mkononi hadi mnarani

Ishara, kwa maana inayotumika hapa, ni badiliko lolote la umeme, la mwanga au la mawimbi ya redio linalobeba habari. Simu ya mkononi hutoa mawimbi ya redio yanayoenea pande zote mfano wa mwanga wa kandili iliyowekwa katikati ya uwanja usiku. Anayesimama karibu na kandili husoma barua; anayerudi nyuma hatua kadhaa huiona karatasi lakini haoni herufi. Kandili haikupunguza mwanga wake. Mwanga ule ule umetandazwa mahali papana zaidi. Hesabu yake ni kwamba umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inayofika huwa robo. Ukiongezeka mara 10, inayofika ni sehemu 1 kati ya 100. Hayo ni kwa mahali pa wazi. Penye miti na majumba upungufu huzidi.

Mnara wa simu waweza kurusha mawimbi yenye nguvu ya wati 20 hivi, ambazo ni pungufu ya zile zilizotumiwa na balbu za zamani za nyumbani, na simu iliyo mbali ikapokea sehemu 1 ya trilioni ya wati, na bado mazungumzo yakasikika vizuri. Kwa hiyo udhaifu wa ishara peke yake si ugonjwa. Jambo hili ni la msingi na litarejewa.

Mkunya ni nchi ya mikorosho. Maji ni mfyonzaji mkubwa wa mawimbi ya redio, na jani bichi lina maji. Likilowa mvua lina maji zaidi. Ndiyo maana simu iliyokuwa ikishika vizuri wakati wa kiangazi huanza kusumbua mvua zinapoanza, hali mnara ni ule ule na mahali ni pale pale. Paa la bati nalo huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Mtu anayetoka ndani ya nyumba ya bati na kusimama uani ili azungumze na simu hafanyi hivyo kwa mazoea tu.

Lakini kikwazo kikubwa cha eneo hilo ni umbile la nchi. Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka upande wa bahari na kukatika ghafla upande wa magharibi na kusini, ambako mji wa Newala umekaa karibu na ukingo, ukitazama bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Mnara uliosimamishwa juu ya ukingo huo huonekana kutoka mbali sana bondeni. Kijiji kilichopo chini kabisa ya genge, ambacho kwa kipimo cha ramani kiko karibu na mnara kuliko vingine vyote, chaweza kukosa mawimbi kabisa kwa kuwa kimo katika kivuli cha genge. Wakaazi wa mahali kama hapo husema kwamba mnara unawaruka, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Kuuongezea mnara huo nguvu hakuwasaidii. Kinachosaidia ni mnara mwingine, hata ukiwa mdogo, uliowekwa mahali unapowaona. Ni kwa sababu hiyo kwamba Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ya kujenga minara vijijini, na mikataba ya minara 758 iliyotiwa saini tarehe 13 Mei 2023 ilikusudiwa kufikia sehemu ambazo wawekezaji peke yao wasingezifuata.

Maji na tope

Wazee wa Newala wanaelewa habari ya kufifia kwa ishara kuliko wanavyodhani, kwa sababu wamekua na shida ya maji. Udongo wa juu ya uwanda hunywa mvua na kuipeleka chini, na chemchemi hutokeza mabondeni. Kwa vizazi kadhaa wanawake walishuka genge na kupanda tena na mitungi vichwani. Tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kwa pampu kutoka bondeni, chanzo kikuu kikiwa Mitema, hadi vijiji vya juu.

Maji yanayosukumwa katika bomba refu hupoteza msukumo wake kila mita, na mengine huvuja. Fundi huweka pampu ya pili njiani ili kuyapa nguvu mpya. Ndivyo inavyofanyika katika mawasiliano: kila baada ya umbali fulani huwekwa kikuza ishara. Mpaka hapo mambo ni sahili. Tabu huanza pale tope linapoingia bombani. Pampu haijui tope wala maji, bali husukuma vyote viwili. Bomba likiwa na matundu kumi njiani na pampu kumi, maji yatafika juu kwa msukumo mzuri kabisa, nayo hayanyweki.

Tope la mawasiliano huitwa kelele, hata pale ambapo hapana sauti inayosikika. Kelele nyingine hutokana na maumbile: chembe za umeme ndani ya kila waya na kila chombo hutikisika kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo hauna siku unaokoma. Radi huleta kelele. Jenereta, mota ya mashine ya kusaga, kiungio cha umeme kilicholegea na mitambo mingine ya redio iliyo karibu, yote huongeza. Ishara ikiwa na nguvu, kelele hiyo haidhuru kitu. Ishara inapofifia njiani, kelele haifinyani nayo. Hubaki pale pale, mpaka hufika mahali ambapo mpokeaji hawezi tena kutofautisha kipi ni habari na kipi ni mchafuko. Kwa hiyo swali la fundi si "ishara ina nguvu kiasi gani?" bali ni "ishara imeishinda kelele kwa kiasi gani?" Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha kwa hesabu kwamba uwiano huo, pamoja na upana wa njia, ndio unaoweka ukomo wa kiasi cha habari kinachoweza kupita bila makosa. Ukomo huo hauvukwi na fundi yeyote.

Zanzibar yenyewe ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1858 waya wa kwanza wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Ishara ziliingia upande mmoja zikiwa zimekatika vizuri, zikatoka upande wa pili zikiwa zimevimba na kuingiliana, kama wino ulioandikwa juu ya karatasi mbichi. Salamu za Malkia Victoria, zisizofika maneno mia moja, zilichukua takriban saa 16 kupita. Mtaalamu William Thomson alikuwa amekwisha kueleza kwamba katika waya wa aina hiyo ukiongeza urefu mara 2, ucheleweshaji huongezeka mara 4, na kwamba dawa yake ni waya mnene zaidi na chombo chepesi zaidi cha kupokelea. Mkuu wa mitambo, Wildman Whitehouse, hakukubaliana naye. Aliona kwamba ishara dhaifu iongezewe nguvu, akaupa waya umeme wa takriban volti 2,000. Waya ule ulikufa wiki chache baada ya kufunguliwa.

Somo hilo lilikuwa limekwisha kueleweka mwaka 1879, wakati Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipolaza waya wake kutoka Aden hadi Zanzibar, na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Hapakuwa na mtu aliyejaribu kupeleka ishara moja kutoka Durban hadi Aden kwa pumzi moja. Kila kituo kilikuwa na makarani. Karani wa Zanzibar aliusoma ujumbe uliofika ukiwa umefifia, akatambua kila herufi, kisha akaupeleka upya kwenye waya unaofuata kwa ishara mpya iliyo safi. Tofauti yake na pampu ni kubwa. Pampu hukuza kila inachopewa. Karani huelewa kilichoandikwa, hutupa mchafuko, na kuandika upya. Makarani hao walifanya kwa mikono kazi ile ile ambayo mitambo ya kidijitali huifanya.

Chenga na kuganda

Katika mawasiliano ya zamani ya analojia, ishara ilifuata umbo la sauti au picha yenyewe, na kila doa lililoingia njiani lilibaki mpaka mwisho. Watazamaji wa Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakumbuka chenga. Picha ilikuwa na chenga kidogo kwa aliye karibu, nyingi kwa aliye mbali, lakini aliye mbali naye aliona kitu, akajua kama ni mpira au ni taarifa ya habari. Ubaya uliongezeka hatua kwa hatua.

Uzimaji wa mitambo ya analojia Tanzania ulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kuanzia hapo wananchi walianza kutumia ving'amuzi. Wengi waligundua jambo ambalo hawakulitarajia: picha ama ni safi kabisa, ama inaganda, inakatika vipande vipande na kutoweka. Chenga hazipo tena. Sababu yake ni kwamba ishara ya kidijitali haina ila alama mbili, mfano wa ndiyo na siyo. Kila kituo njiani, kama yule karani wa 1879, kinachotakiwa ni kutambua tu kama kilichofika ni ndiyo au siyo, kisha kupeleka alama mpya. Mradi utambuzi huo unawezekana, udhaifu wa njiani hauachi athari yoyote. Kelele ikivuka kiwango, utambuzi hukosewa na kila kitu huporomoka kwa mara moja. Kwa hiyo mwananchi ambaye antena yake imeelekea vibaya aweza kuangalia picha nzuri mwezi mzima akiwa hatua moja tu kutoka kwenye genge, na wingu la kwanza la masika likamwangusha.

Kwa upande wa data jambo hili lina sura nyingine ambayo watumishi wa Serikali wanapaswa kuifahamu. Picha ya cheti kutoka Mkunya haisafiri kama picha moja. Hukatwa vipande vingi vidogo, na kila kipande hufungwa pamoja na hesabu ya uhakiki, mfano wa jumla inayoandikwa chini ya safu ya tarakimu katika daftari la fedha. Mpokeaji hujumlisha upya. Jumla isipolingana, kipande hutupwa na mtumaji hutakiwa akilete tena. Kwa hiyo ishara inapovurugika, mtumiaji haoni herufi zilizoharibika, huona kusubiri. Kinachoitwa "mtandao mzito" mara nyingi ni vipande vile vile vinavyotumwa mara ya pili, ya tatu na ya nne mpaka vifike salama. Kuendelea kubonyeza kitufe hicho hicho hakuharakishi kitu. Huongeza tu kazi iliyo mbele ya mtambo, na katika baadhi ya mifumo mwombaji mmoja huishia kuwa na maombi mawili.

Hata hivyo pana uharibifu mmoja ambao hesabu ya uhakiki haiuoni. Programu nyingi za ujumbe huipunguza picha kabla ya kuituma ili iwe nyepesi. Ikipelekwa kwa mtu, naye akaipeleka kwa mwingine, au mtu akapiga picha ya kioo cha simu na kuituma tena, kila mara undani fulani hupotea. Mitambo huisafirisha kwa uaminifu, lakini inachosafirisha kimekwisha kuharibika. Baada ya mikono minne, 3 na 8 katika namba ya cheti hufanana, na faili la mirathi hurudishwa kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya kwa makusudi. Waraka wa kisheria utumwe kama faili la waraka, si kama picha ya kawaida, na utoke moja kwa moja kwa mwenye asili. Ofisi inayopokea nayo inasoma namba kwa sauti kupitia simu na kuthibitisha kabla ya kuingiza katika daftari. Ndivyo masjala zilivyofanya enzi za faksi, wakati mstari mmoja wa karatasi ulipoweza kupotea njiani bila mtambo kusema neno, na utaratibu huo haujapitwa na wakati.

Nchi kavu na bahari

Kutoka minara ya uwandani, ujumbe hurushwa kwa madishi yanayotazamana, mnara hadi mnara. Madishi hayo yanahitaji kuonana bila kizuizi. Anayeteremka kutoka Newala kuelekea Masasi na kuiona milima ya mawe ya Masasi imesimama moja moja katika tambarare ataelewa mara moja kwa nini mafundi huanza kazi yao kwa kupanda vilima: mlima mmoja wa mawe ukikaa katikati ya madishi mawili, njia imekufa. Mvua kubwa pia hudhuru. Katika masafa ya juu ya gigahezi 10, matone hufyonza na kutawanya mawimbi, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo athari inavyozidi. Kwa hiyo mawasiliano yanayokatika kwa nusu saa wakati wa mvua nzito na kurejea yenyewe baada ya mvua si hitilafu ya kuitiwa fundi.

Baada ya hapo ujumbe huingia katika mkongo. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ishara ni mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alieleza kwamba kilichokuwa kikizima mwanga ndani ya kioo kilikuwa ni uchafu uliochanganyika nacho, wala si kioo chenyewe. Kioo kikasafishwa. Uzi wa leo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilometa, maana yake ni kwamba mwanga hubaki nusu baada ya kilometa 15 hivi. Hakuna waya wa shaba unaoukaribia kwa wingi wa data unaobebwa. Hata hivyo hesabu haina huruma. Baada ya kilometa 100 inabaki sehemu 1 kati ya 100. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500, na kwa umbali wa kilometa 500 tu mwanga usiokuzwa ungebaki sehemu 1 kati ya bilioni 10. Ndiyo sababu ya vile vituo vidogo vilivyofungwa, vyenye betri na kiyoyozi, vinavyowekwa njiani kando ya barabara kuu. Anayeiba betri ya kituo kama hicho haibi betri peke yake.

Mkongo una maadui wadogo pia. Uzi uliopindwa mno huvujisha mwanga penye kona. Vumbi katika kiungio kimoja laweza kupoteza desibeli 1, yaani kiasi kile kile kinachopotezwa na kilometa 5 za uzi safi.

Ujumbe unapovuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, hupita ama chini ya bahari kwa mkongo, ama juu ya bahari kwa mawimbi. Njia ya juu ina desturi zake. Uso wa bahari huyarudisha mawimbi, na hivyo dishi la Unguja hupokea ishara mbili: ile iliyokuja moja kwa moja na ile iliyogonga maji kwanza. Zikifika kwa mpangilio huimarishana. Zikifika kinyume hufutana. Maji yanapojaa na kupwa, urefu wa njia ya pili hubadilika, na ishara hupanda na kushuka bila mtu yeyote kugusa mtambo. Mafundi hupambana nayo kwa kuweka madishi mawili katika mnara mmoja, moja juu ya jingine, ili lile la pili lipokee wakati la kwanza linapofutiwa. Wakati mwingine hewa juu ya bahari iliyotulia hujipanga kwa tabaka na kuyapeleka mawimbi mbali kuliko kawaida, na redio ikashika stesheni za ng'ambo ambazo hazikukusudiwa kusikika hapo. Stesheni hiyo ya mgeni, kwa anayetaka kusikiliza ya kwao, nayo ni kelele.

Si budi kutofautisha kufifia na kukatika. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika katika pwani ya kusini mwa Afrika, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania pamoja na nchi jirani. Siku hiyo simu za wananchi zilionyesha mistari yote ya mawimbi, kwa kuwa minara ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni njia ya kutokea nje. Kinyume chake, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa gridi kwa kiasi cha miezi mitatu, na mnara ambao jenereta yake iliishiwa mafuta ulinyamaza hali mikongo ilikuwa salama. Na tena upo msongamano, ambao si kufifia wala kukatika: ishara ni nzuri lakini watu ni wengi, kama daladala zima lisilo na nafasi. Mistari iliyomo kwenye kioo cha simu haielezi lolote katika hayo. Hupima nguvu ya mnara ulio karibu, basi.

Mita mia za mwisho

Ujumbe wa Mkunya umekwisha kufika Unguja kwa sehemu ndogo ya sekunde. Umepita mikorosho, genge, mvua, nchi kavu na bahari. Inasikitisha kwamba pengine utakwama hapo ofisini.

Waya wa mtandao wa shaba unaotumika maofisini umewekewa ukomo wa mita 100 kutoka mtambo hadi kompyuta. Ofisi inapopanuka, mtu huunga kipande, kisha kipande kingine, waya ukapita juu ya dari pamoja na waya za umeme na taa za mirija, na mwishowe una mita 140 na viungio vitatu. Utafanya kazi asubuhi, na mchana viyoyozi vinapowashwa utaanza kupoteza vipande. Hewa ya chumvi hula shaba. Kichwa cha waya kilichokaa miaka karibu na dirisha linalotazama bahari huwa na ukungu wa kijani, na ukungu huo ni upungufu. Katika majengo ya Mji Mkongwe, ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita au zaidi huzuia mawimbi ya mtandao usiotumia waya. Mtambo uliowekwa chumba cha mkuu hauwezi kulaumiwa kwa kutofika dirisha la kupokelea wananchi kuta tatu mbele. Mahali pake ni ukumbini, juu, pasipo kabati la chuma mbele yake.

Ofisa anayepata hitilafu hana haja ya kuwa fundi ili aitaje vizuri. Kwanza ataangalia kama kompyuta za vyumba vingine katika jengo hilo zinafanya kazi. Zikifanya, tatizo ni la waya au la chumba chake. Zote zikishindwa, atauliza ofisi ya jirani inayotumia kampuni nyingine. Kisha ataandika katika daftari saa ilipoanza, saa ilipokwisha, hali ya hewa, kama umeme ulikuwapo, na kama huduma ilikatika kabisa au ilikuwa nzito. Daftari la wiki mbili la namna hiyo humwonyesha fundi mengi kuliko barua ya malalamiko. Hitilafu za kila siku saa sita mchana zina sababu yake, na za siku za mvua zina yake. Zile zinazofuata kujaa na kupwa kwa maji zitamfanya fundi apande mnara moja kwa moja bila kupitia chumba cha kompyuta.

Mwananchi naye ana haki ya kuambiwa tatizo liko wapi na arudi lini, au achukuliwe maombi yake kwa karatasi na kupewa stakabadhi. Kwa hitilafu za simu na intaneti za nyumbani, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni inayotoa huduma, na mlalamikaji ahifadhi namba ya kumbukumbu atakayopewa. Asiporidhika na jawabu, au asipojibiwa, hupeleka shauri hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, akiambatanisha namba hiyo pamoja na siku, saa na mahali tatizo lilipotokea: shehia kwa Visiwani, kijiji na kata kwa Bara.